Dawa Ndani ya Mafuta

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tangu alfajiri. Nimeshona sketi mbili za shule, zote nimezifumua. Mikono inatetemeka. Vidonge vimezinyamazisha sauti kichwani, mikono vikaniharibia. Fundi cherehani gani mimi! Mtaa mzima unanionea huruma. Naichukia hiyo huruma.

Alhamisi, 6 Machi
Neema, mtoto wa dada, anayesomea famasia Dar, kapiga simu. Nikaweka spika mama asikie. Wataalamu wanafungia dawa kama yangu ndani ya chembe za mafuta, ndogo mno, jicho halizioni. Zinapenya hadi kwenye ubongo. Dozi kidogo inatosha, sehemu nyingine za mwili zinapumzika.
"Ila mjomba, bado wanajaribu kwa panya. Vidonge usiache."
Mama kashika neno moja tu. Mafuta.

Jumamosi, 8 Machi
Mama kasaga vidonge vyangu vyote, kachanganya na mafuta ya parachichi, kanipaka utosini. Ubongo si uko hapo, anasema. Nilijua sivyo. Nikainamisha kichwa hivyo hivyo. Naitaka mikono yangu.

Jumatano, 26 Machi
Imetulia! Gauni la bibi harusi wa Isongole limekwisha, mshono umenyooka. Mama kapiga vigelegele. Neema sijamwambia. Ya nini?

Ijumaa, 4 Aprili
Asubuhi natunga uzi, nikasikia "Ugonile." Baba. Salamu yake ya kila asubuhi, na tulimzika migombani mwaka juzi. Niliitikia. Aibu yangu: nilifurahi.

Jumanne, 8 Aprili
Haondoki. Yuko chini ya meza. Yuko ndani ya cherehani. Anasema mama anakufa, nimshonee sanda. Mpime. Mpime.

Alhamisi, 10 Aprili
Mama alisinzia jikoni baada ya kula. Alipofumbua macho nilikuwa nimemlazia futi ya kupimia toka utosini mpaka miguuni. Kitambaa cheupe nimeshakikata. Hakupiga kelele.
"Mwanangu, hicho cha nani?"
Nikamwambia. Ee Mungu wangu, nilimwambia.
Bodaboda hadi hospitali. Mama kakaa nyuma yangu, kanikumbatia njia nzima. Mikono yangu ilikuwa imetulia tuli. Sijawahi kuiogopa hivi.

Jumamosi, 3 Mei
Vidonge, kwa maji. Kichwani kimya. Mikono inatetemeka tena. Neema alilia kwenye simu, nikamwambia aache kulia, awahimize hao wenye panya. Baba haji tena. Namkumbuka, niseme ukweli.
Mchana mama kaja na kitenge kipya. Kasimama mbele yangu, kanyoosha mikono.
"Nipime. Gauni la kanisani."
Nilimwambia mshono utapinda. Akasema atalivaa hivyo hivyo. Nimempima mabega, kifua, kiuno. Kwenye urefu nikakwama. Akanishika mkono, tukaishusha futi pamoja mpaka chini ya magoti.