Uvimbe Tu

Alhamisi, Embu

Bado nina hasira na Murithi. Daktari aliandika saratani ya titi kwa faili ya mama mmoja, lakini mbele yake akaweka alama ya kuuliza. Murithi, ambaye tunakaa naye ofisini tukiandikia bima kila ugonjwa kwa namba yake, akaniambia niweke namba ya saratani tu, ndiyo bima ikubali haraka kile kipimo cha kutoa kinyama.

Nikakataa. Ugonjwa ambao daktari anashuku tu hatuupatii namba. Ukishaingia kwa kompyuta, huyo mama ataitwa mgonjwa wa saratani kila hospitali atakayoenda. Nikaweka namba ya uvimbe wa titi, na ile ya kipimo. Kama hazingepatana, bima ingekataa, na angerudi kwake Mitunguu bila kupimwa. Nikatuma kwa bima.

Ikakubali.

Nikatoka nje kumwambia mwenyewe.

“Umeniandika nini, mwanangu?”

“Uvimbe, mama.”

“Uvimbe tu?”

“Ndio.”

Akanishika mkono. “Mungu ni mwema. Wacha nipigie mzee nimwambie.”

Akapiga nikiwa nimesimama hapo, akicheka. Sikumwambia kwamba uvimbe ndio tunaandika wakati bado hatujajua.