Bingwa wa Kinesi pale Mwenge

Dada Tumaini, shikamoo. Leo pale Mwenge nimekutana na tapeli kavaa koti jeupe, anajiita bingwa, anauza unga wa "kuzima kinesi". Mama mmoja mwenye saratani ya damu akamuuliza kama aache vidonge vya hospitali.

"Acha tu, ni sumu."

Damu ikanichemka. Nikamweleza mama kwamba kinesi ni protini, na yake moja imekwama ikiwa imewashwa, inaziamuru seli zizaliane ovyo. Kidonge ndicho kinachoiziba mdomo. Kisha nikamgeukia bingwa: "Haya, kinesi ni nini?"

"Mdudu."

Mama akamtazama juu mpaka chini. "Mdudu! Na mie nilitaka kuacha dawa kwa ajili yako!" Akaenda zake.

Wabusu wanao, mnitunzie baridi ya Njombe.

Mdogo wako, Neema