Kamera Imemwona Esteri

Jumanne, 5 Agosti 2014
Kamera mpya ya studio yangu imefika Kasulu ikiwa nzima! Kwa barabara ile nilijua nitapokea vipande. Ukibonyeza kitufe nusu, kisanduku kinajitokeza kwenye uso wa mtu – akisogea, kinamfuata. Nimeijaribu kwa jirani yangu Zuleha akiwa kwenye cherehani. Hadi kope zinaonekana!

Alhamisi, 7 Agosti
Kaja mama mmoja kutoka kijiji cha Heru Juu, Esteri, kajifunika kitenge usoni. Koroboi ilimlipukia, upande wote wa kushoto uliungua. Anataka picha. Mpiga picha mwingine alimwambia kamera inaikataa sura yake. Inaikataa! Mtu mzima na akili zake!
Nimemwambia aje Jumamosi asubuhi, mwanga ukiwa laini. Lakini naogopa. Kisanduku kisipotokea, nitamwambia nini?

Jumamosi, 9 Agosti
Kitenge kakishusha mwenyewe. Nikabonyeza nusu. Kisanduku kikampita – kikaenda kutua kwa mwanamke wa kwenye kalenda ukutani!
Esteri akauliza, "Imeniona?"
Nikajifanya nafuta lenzi. Nikaing'oa kalenda. Nikamgeuza kidogo kuelekea mlangoni, mwanga umguse mashavu yote mawili. Nikaacha mambo ya kisanduku, nikachagua nukta moja tu ya fokasi, nikaiweka kwenye jicho lake la kulia. Pii! Nikapiga.
Halafu nikakirudisha kisanduku. Nilitaka tu kujua. Kikatokea. Kwake! Kikatulia.
"Imekuona, mama."
Nikamwonyesha. Akaishika kamera kwa mikono miwili. "Mana yanje," akamwita Mungu wake kwa Kiha chao. "Kumbe ni mimi."
Alipoondoka nilikaa chini sakafuni, nikapumua.

Jumatatu, 11 Agosti
Esteri karudi na mumewe, Kipriani. Mrefu, mpole. Wanataka picha ya wawili. Wakakaa – kisanduku kikakimbilia kwa mume.
Kipriani akauliza kama naweza kumwonyesha mmoja vizuri zaidi. Nikasema naweza, ila mwingine atafifia kidogo.
"Basi mwonyeshe yeye," Esteri akadakia, kidole kwa mumewe.
Mume akainuka, akakirudisha kigoda chake nyuma ya mkewe. "Mimi wananijua. Yeye ndiye aonekane."
Naandika hapa kaunta. Wanabishana kwa Kiha, sauti za chini. Esteri anakivuta kigoda mbele, Kipriani anakirudisha. Esteri anacheka – uso wazi, mlango wazi, watu wanapita. Kamera iko tayari. Siwaharakishi –