Maoni ya Wasomaji Juu ya Mchawi Mpya

Ritha, nimetoka kusoma maoni kwenye lile grupu letu la hadithi ya majini wa mjini.

Kwenye sehemu ya leo katokea mchawi mpya, bibi mwenye macho mekundu. Wote wanasifu, eti hadithi imenoga. Basi Mayala, jirani yetu hapa Samuye, kaandika: "Huyu si ndiye bibi yake Asteria kabisa!"

Bibi yangu! Macho yake ni mekundu kwa moshi wa samadi anayopikia tangu usichana.

Watu wakacheka. Mmoja akauliza, "Anakaa nyumba ipi?"

Na Mayala akamwelekeza. Akamwelekeza, Ritha! Mwandishi mwenyewe kaweka dole gumba. Na unajua huku vikongwe wa macho mekundu wanavyofuatwa usiku kwa mapanga.

Tuko stendi, tunakuja kwako Nyahanga. Bibi nimemwambia umemkumbuka tu. Usije ukamwambia vingine.