Makoa wa Mzee Hilbrand

Jumapili, 3 Septemba

Magoti yanauma kwa kukaa! Mzee Hilbrand ametimiza themanini leo. Viti kwenye duara, keki kipande kimoja kwa kila mtu, na kila anayeingia anawapa hongera wote waliomo, mmoja mmoja – mwenye siku yake, dada yake, majirani, mimi. Wubbo akampa hongera hadi mbwa. Mume wangu huyo, sijui nilimtoa wapi.

Mzee hapokei zawadi. Anatoa yeye. Kila mwanachama wa chama chetu cha matangi ya bahari, wote saba, amepata kipande cha Bibi. Bibi ni tumbawe lake. Sahani ya zambarau, sasa pana kama ungo, miaka ishirini na sita katika tangi lile lile. Marehemu mkewe, Trijntje, ndiye aliyempa jina Bibi akiwa bado na ukubwa wa ukucha. Ningekataa mimi?

Na kipandikizi hakishukuriwi. Ukisema asante hakishiki, hata mtoto wa chekechea hapa mjini Meppel anajua. Basi tukapokea saba kwa midomo iliyobanwa, tukiitikia kwa vichwa tu. Aaltje, katibu wetu, alikuwa na machozi.

Nyumbani nimekitia tangini moja kwa moja. Kwa kawaida mgeni yeyote hupita kwanza kwenye josho, dakika kumi ndani ya dawa, ndipo aingie. Lakini huyu ametoka kwa Hilbrand! Mtu aliyenifundisha josho lenyewe, hakimu wetu wa matangi kwa miaka thelathini. Kukiogesha kipande chake ni kama kuosha upya sahani za mama mkwe, naye amesimama pale pale. Nisingethubutu.

Jumanne, 26 Septemba

Doa jeupe ukingoni mwa kipande cha Bibi. Dogo, kama alama ya jino.

Wubbo: labda ndiyo mtindo wa msimu huu. Mimi: labda taa. Nimeinua taa kidogo. Jioni supu ya njegere, ya kwanza mwaka huu, kijiko kinasimama chenyewe.

Alhamisi, 28 Septemba

Si taa.

Nimekuja na kioo changu cha kazini, kile kidogo cha kutazamia nyuma ya magego. Nimesafisha meno ya watu kwa miaka ishirini na mitatu, na sijawahi kukitumia kwa jambo la maana kama la leo. Nikakitumbukiza chini ya sahani, nikamulika tochi – lo! Makoa. Weupe, wadogo kuliko punje ya mchele, wana vishada mgongoni kama taulo ya bei mbaya. Wanatafuna tumbawe langu hai, bila haya, mchana kweupe. Na mayai yao yamejipanga chini kama ukoga kwenye meno ya mvuta sigara.

Nimehesabu kumi na mmoja. Wanne wameshahamia kwenye tumbawe langu la kijani lililo jirani.

Nilitukana kwa sauti. Kisha nikacheka, maana dawa ya josho inaua koa tu, yai haliguswi. Yai linataka kukwanguliwa. Na ni nani katika mji huu mzima anayekwangua kwa mshahara? Nimetoa matumbawe yote mawili, nikavaa miwani ya kazi, nikakwangua yai moja moja kwa kile chuma changu cha ndoano. Saa mbili na nusu. Wubbo alikuwa amekaa kando na chai yake. Anasema katika ndoa yetu yote meno yake hayajapata nusu ya upole huo.

Jumamosi, 30 Septemba

Aaltje amepiga simu. Akazunguka mbuyu: hali ya hewa, goti lake, bei ya chumvi ya tangi. Halafu, eti, je, hivi karibuni nimebadilisha taa?

Nikasema hapana, na yeye je? Hapana. Akasema "basi sawa", nikasema "basi sawa", na hakuna aliyekata.

"Una makoa," nikamwambia.

"Ishirini na wawili!" akapasuka. "Nilidhani ni mimi! Nilidhani nimewaambukiza nyote, wiki nzima silali!"

Tumepigia wengine. Nyumba saba, saba zina makoa. Kila mmoja alikuwa amejifungia na aibu yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tumeumbuana wote kwa asubuhi moja. Tulicheka mpaka Aaltje akapaliwa.

Kisha tukaacha kucheka. Maana wote saba tulipata kitu kimoja kutoka mahali pamoja.

Huyu ni mtu ambaye zamani aliona mnyoo kutoka mlangoni, koti bado liko mwilini. Kama yeye hajawaona, basi haoni. Na nakumbuka alivyosema mwaka juzi tulipomzika Trijntje: siku macho yakigoma, nafunga tangi, narudisha kalamu ya uhakimu, basi. Alisema vile anavyosema mambo yote, kama anataja saa ya treni.

Tukimwambia, anafunga. Tusipomwambia, Bibi hafiki Krismasi. Sipendi hata kuliandika.

Nani atamfunga paka kengele? Grupu la wasap limejadili saa nzima. Wamenichagua mimi! Sababu: Jumamosi ijayo anakuja kwangu kukagua tangi kwa shindano la mwaka. Wamenitumia vidole gumba sita. Wanafiki.

Jumatano, 4 Oktoba

Josho la pili. Watoto wa koa watatu tu, wapya kabisa. Tumbawe la kijani limeanza kufunika jeraha lake, nimelipongeza kwa sauti. Kipande cha Bibi kinapona pia! Ukingo mpya, mweupe-zambarau, mwembamba kama uzi.

Nimefanya mazoezi ya hotuba. Wubbo alikuwa Hilbrand, ameshika mwiko kama lenzi. Kila nikifika kwenye "macho yako" anasema, "Binti, pointi mbili zimekatwa kwa kunung'unika." Haifai kitu hotuba hii.

Nimemweka koa mmoja hai ndani ya kikombe cheupe cha kliniki. Ushahidi. Nitamwonyesha tu, nisiseme mengi.

Jumamosi, 7 Oktoba

Mwoga mimi! Mwoga, mwoga.

Alifika saa nne kamili, baiskeli ameikokota kwa mkono. Nilipaswa kujiuliza pale pale kwa nini ameikokota. Kahawa. Biskuti moja, nikafunga kopo, kama ilivyo desturi ya hapa kwa kila mgeni. Maziwa akayamimina nusu kikombeni, nusu kwenye kisosi, akanywa kana kwamba ndivyo alivyopanga.

Kisha akavuta kiti mbele ya tangi, akatoa lenzi na fomu. Dakika arobaini. Pua karibu inagusa kioo. Mimi nimesimama nyuma, kikombe cha koa mkononi. Lenzi ikapita juu ya kipande cha Bibi, juu kabisa ya lile jeraha, ambalo mtu yeyote angeliona. Haikusimama.

"Rangi nzuri," akasema. "Afya ya wanyama: tisa."

Tisa!

Ndio ulikuwa wakati wenyewe. Nikafungua mdomo. Nikafungua na kopo. Nikampa biskuti ya pili.

Akaishika, akanigeukia. "Ya pili? Nani kafa?"

"Hakuna, Mzee. Nimefurahi tu."

Akala polepole, ananitazama, au anatazama upande niliko. Akaondoka. Wubbo alitoka jikoni akakuta nimesimama pale pale na kikombe changu.

Jumapili, 8 Oktoba

Mvua. Grupu linauliza. Nimejibu: tisa. Aaltje ameandika: umepata tisa kwa makoa?!

Naona haya mbele ya samaki.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimesema! Nimesema, na mahali nilipolisemea Wubbo bado anacheka huko juu, nasikia kitanda kinatikisika.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Kila miezi sita Hilbrand husafishwa meno, na anayemsafisha ni mimi. Jina lake ni la tatu kwenye orodha ya leo. Saa tano na robo, huyo hapo, amelala chali kwenye kiti changu, taa usoni, mdomo wazi, mpira wa kunyonya mate umening'inia shavuni.

Nikafanya magego ya chini ya kulia, namsikia akikoroma kidogo kwa raha. Na wazo likanijia: Roelien, huyu hawezi kukujibu. Maisha yako yote hutampata tena hivi.

Basi nikaanza. Nikamwambia mkono ukiwa kazini, sikuthubutu kuuacha. Kwamba vipande vyote saba vina makoa. Kwamba sikukipitisha changu kwenye josho kwa sababu ni chake. Kwamba Jumamosi alama zao zilikuwepo, na yeye alipita juu. Kwamba Bibi lazima anao, wengi, na sisi saba tumejificha nyuma ya wasap kama watoto waliovunja dirisha.

Akainua kidole. Ndiyo ishara yetu: panauma. Nikaacha, nikatoa vyuma vyote.

"Hapaumi," akasema. "Endelea."

Nikaendelea. Nikamaliza meno, nikamaliza na habari. Akasukutua, akatema, akafuta ndevu. Akakaa akitazama ukuta ambako hakuna kitu.

"Ile tisa," akasema, "iandike nne."

"Sawa, Mzee."

"Macho yaliondoka wakati wa masika. La kushoto kwanza. Tangu hapo nahukumu kwa masikio. Mwenye tangi gonjwa huongea haraka, hujui? Wewe hukuongea. Ulinipa biskuti ya pili. Nikasema moyoni, kwa huyu kumeungua. Lakini sikujua ni nini, na nikaona aibu kuuliza."

Mimi nalia ndani ya barakoa, na barakoa ikilowa haipumuliki, kwa hiyo nalia na kukohoa.

"Acha hayo," akasema. "Njoo Jumamosi. Na hivyo vyuma vyako."

Nikamuuliza kuhusu tangi. Kama atafunga. Alikuwa anatafuta mkono wa koti, sikumsaidia, najua hapendi.

"Kwanza tuone kilichobaki," akasema. "Wewe utaona."

Jumamosi, 14 Oktoba

Naandika kwenye meza ya jikoni kwa Hilbrand. Bibi yuko ndani ya josho, beseni la kufulia, dakika kumi kwa saa ya kuchemshia mayai. Vidole vyangu vinanuka dawa na chumvi.

Asubuhi nilimletea chupa ya jemu yenye maji ya bahari, na ndani yake kipande chake kile kile alichonipa. Safi. Majosho matatu, hakuna yai hata moja. Nikamwambia: hiki akiba, kikae kwenye tangi dogo, lolote litakalotokea leo. Akaipokea chupa kwa mikono miwili. Akageuka, akaenda kuchemsha kahawa. Hakuniambia asante! Nimefurahi kuliko tisa zote.

Kisha tukamtoa Bibi. Tumembeba wawili, hatua kwa hatua, yeye anahesabu matofali ya sakafu kwa nyayo zenye soksi. Upande wa juu ndio tulioanza nao. Yeye kashika tochi, mimi namwambia kushoto, kulia, inua. Kila koa nikimtoa nagonga ukingo wa bakuli la bati, yeye anahesabu kwa sauti. Kumi. Ishirini. Tulipofika arobaini nikaona uso wake, nikawa natoa wengine bila kugonga.

"Mkono umekwenda bakulini mara tatu," akasema. "Nimesikia mara moja."

"Mzee..."

"Usinihurumie, Roelien. Gonga."

Nikagonga. Sitini na nane, upande wa juu peke yake. Nimeona pia mifupa mitupu mahali palipokuwa na zambarau. Akaniuliza rangi imebaki kiasi gani. Nikachukua kidole chake, nikakiweka ukingoni. Sehemu iliyokufa inakwaruza kama jiwe la kusugulia miguu. Sehemu hai inateleza.

Akaelewa mara moja. Akaniondolea mkono wangu. Kidole kikatembea peke yake, taratibu, ukingo wote mpaka katikati. "Hapa hayupo. Hapa hayupo. Hapa yupo." Akarudi nyuma, akapapasa tena. "Yupo. Yupo. Trijntje angesema huyu mkaidi. Yupo."

Nikamuuliza, kwa kuwa yeye ndiye hakimu: afya?

Akafikiri kwa uzito wake wote wa miaka thelathini.

"Nne," akasema. "Na nusu."

Sasa ameketi mbele yangu. Amefungua kopo la biskuti, amenipa moja, na kopo hajalifunga. Saa ya mayai inalia. Upande wa chini bado hatujaugeuza, na ameshashika tochi.