Mkanda Mwekundu Ukutani

Kigwa, Jumanne, Agosti 1974

Na leo ndipo sebule ilikuwa imekubali. Tangu nilipoiona ile picha ya gazeti, chumba ambacho vitu vyake vyote vinaelewana, nimehangaika kiangazi kizima: mapazia ya buluu, vitambaa vya viti nilivyovidarizi kwa uzi wa buluu hiyohiyo, kuta za chokaa. Ulibaki mkanda wa udongo mwekundu chini ya ukuta. Nimeumaliza leo mchana.

Jioni akaja balozi wetu wa nyumba kumi. Akaitikia shikamoo yangu, akasimama katikati ya sebule akizungusha macho. Nikadhani anaisifu moyoni. Kumbe anaangalia milango.

"Mama Shija, lori la kutuhamishia kijiji kipya linakuja kesho kutwa. Ng'oeni milango na mabati. Kuta ziacheni."

Mume wangu akasema vitambaa si tutabeba. Vitambaa. Ndani ya kibanda cha nyasi tutakachoanzia huko vitaelewana na nini?

Sina la kufanya. Nimekunja mapazia. Kisha mume wangu akaegemea ukuta, nikamfokea asogee, udongo haujakauka.