Nyota ya Emil Dirishani

Dvorce, Nebraska
9 Februari 1947

Kwa kaka yangu mpenzi, Otto,

Pokea salamu zangu nyingi huko California. Natumai u mzima, na kile kikohozi chako kimekuacha. Sisi huku tunajikongoja, isipokuwa Baba. Nitafika kwake, usiniharakishe. Theluji imepanda hadi kwenye madirisha, ndama mmoja amekufa kwa baridi, na Bi Zelenka mdomo wake ni uleule unaoujua.

Sijasahau ulivyoapa. Ulisema hukanyagi tena nyumba hii mpaka Mama aishushe ile nyota ya kitambaa cha buluu dirishani, kwamba umechoka kuona mdogo wetu Emil anafanywa kama bado yuko vitani. Hata mimi nilichoka, Otto. Barabara nzima wameshashusha nyota zao, vijana wamerudi, wengine wameoa. Bi Zelenka aliishonea yake dhahabu juu ya buluu mara tu mwanawe Ruda alipouawa, kama walivyofanya wafiwa wote. Yetu tu ndiyo ilibaki buluu, nyota ya mtu aliye hai. Jumapili moja, watu wanatoka kanisani, Bi Zelenka akamuuliza Mama kwa sauti, hivi wewe Anezka, huyo mwanao unayemngoja atakuja na treni ipi? Mama akamjibu kwamba maadamu hawajampata, yeye hana cha kushona. Nilitamani ardhi inimeze.

Krismasi alikuja kijana mmoja, Tolliver, aliyekuwa Marini, askari wa majini, pamoja na Emil. Mama alimshindilia kolache, yale maandazi yake ya mbegu za mpopi, mpaka akaomba ahurumiwe. Kisha Baba akamtoa waende zizini, nami nikawafuata na ndoo. Alisema boti yao ilikwama kwenye mwamba, ufuko bado uko mbali, wakashuka kutembea majini, maji yakiwafika kifuani, huku wanapigwa risasi kutoka kila upande. Emil alikuwa mbele yake, akimtania kwamba kwa joto lile hata baridi ya Nebraska angeipigia magoti. Mara hakuwapo. Tolliver alipapasa chini ya maji, akapata mkanda wa mtu mwingine. Waliookotwa walifukiwa mchangani harakaharaka, na waliobaki bahari ilikwenda nao. Emil hakuonekana kwa hawa wala kwa wale. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamsihi asimwambie Mama hata neno. Nyota ile ndiyo inayomsimamisha, alisema, ukimwondolea ataanguka.

Sasa habari ya Baba. Tangu Januari hainuki kitandani. Ni mapafu, na daktari hatufichi tena. Juzi aliniita akaniambia, Milka binti yangu, sitaki kutolewa humu ndani kabla mwanangu hajaliliwa. Nenda kaigeuze nyota yake, taratibu, mama yako asikuone.

Nikaishusha, nikajifungia chumbani na mkasi, nikaanza kufumua ile buluu. Chini yake, kaka yangu, kulikuwa na dhahabu. Nyota nzima, imeshonwa kwa mshono wa Mama, ule mdogomdogo usioweza kuukosea, kwa kitambaa cha ile skafu yake ya harusi tuliyodhani imeliwa na nondo.

Mama akanikuta hivyo. Hakunigombeza. Aliketi kitandani akasema aliishona wiki ileile ilipokuja telegramu ya kifo cha Emil. Alikuwa hajaitundika bado, Baba akaingia kutoka kukamua, akaona dirisha tupu, akauliza nyota ya mtoto iko wapi, irudishe, akirudi aikute. Mama akamtazama usoni, akaogopa kuwapoteza wawili kwa mpigo. Akashona buluu juu ya dhahabu, akaitundika. Matusi yote ya Bi Zelenka, na yako, aliyameza kwa ajili ya Baba.

Nilipomwambia Baba, alicheka mpaka akakohoa damu. Akasema siku ile alimkuta Mama macho yamevimba, ndiyo maana akasema vile, ili kumtia moyo. Kwamba Emil atarudi, hakuamini hata yeye mwenyewe. Kisha wakalia, Otto. Walishikana wakamlilia Emil kwa sauti, mpaka mbwa akaanza kubweka. Nilitoka nje bila koti, sikuweza kuvumilia.

Nyota sasa ni ya dhahabu. Tulimgeuza Baba kitandani apate kuiona. Ameagiza jiwe moja la kaburi, majina mawili, la Emil juu na lake chini, ili mtoto naye awe na mahali pa kuwekewa maua. Mchimba kaburi anasema udongo umeganda, haiingii sululu mpaka Machi. Baba anasema Machi ni mbali.

Kiapo chako hakina kazi tena, kaka. Panda treni.

Mama anakusalimu sana. Anasema uje na koti zito, na usisimame mlangoni kuomba radhi, utatuingizia baridi.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Milka